Nani Anamlisha Kobe wa Kidoti?

Mbele ya kibanda changu cha kunyolea kuna benchi la mbao lenye miguu minne, mitatu ya kwake na mmoja wa kuazima, umefungwa kwa waya, kwa hiyo anayekaa upande ule anatakiwa awe mwembamba au awe na imani. Kila mtu ana mahali pake. Gia, dereva wa lori aliyestaafu, anakaa mwisho kulia, mguu mmoja nje, bado anatafuta klachi. Katibu, aliyewapigia wakubwa barua kwa mashine ya chapa miaka thelathini mpaka mashine zenyewe zikaisha, anakaa katikati na koti lake, jua liwake lisiwake. Soli, fundi viatu, hakai benchini. Meza yake iko hatua sita tu, basi huvuta kigoda na kiatu cha mtu mkononi, maana kwake mdomo ukipumzika mkono unaendelea. Mama Birika anakalia ndoo iliyopinduliwa, jiko la mkaa miguuni, na yeye ndiye serikali: kahawa ikiisha, kikao kimeisha. Mimi ni Wembe. Nanyoa, na nikikosa kichwa cha kunyoa nakaa juu ya ule mguu wa kuazima, kwa sababu benchi ni langu, na likivunjika aibu iwe yangu.

Jumamosi hiyo Soli alikuja na kiatu kama kawaida, lakini sindano ilikuwa imelala.

Gia: Mzee mwenzangu, hicho kiatu umekishika tangu kikombe cha kwanza. Unakishona au unakibembeleza?

Soli: Kidoti hataki kwenda shule Jumatatu.

Kidoti ni mjukuu wake, ana miaka minane, ana kidoti cheusi juu ya mdomo na maswali mia chini yake. Mama yake anashona kwenye kiwanda cha nguo mji mwingine, anakuja mwisho wa mwezi. Mtoto analelewa na Soli na bibi yake, na sisi tunasaidia kwa kelele.

Mama Birika: Kidoti yupi? Huyu anayeamka kabla ya jogoo avae sare?

Soli: Huyo huyo. Anasema anaumwa kichwa. Nikamuuliza kinauma wapi, akasema hakiumi, kimejaa.

Ikabidi atueleze, ingawa nusu tulikuwa tunaijua. Mwanzoni mwa muhula mwalimu aliwaambia wazazi kuna programu ya simu ya kufundishia watoto maneno ya Kiingereza. Humo ndani anakaa kobe, ana miwani na tai. Anakuonyesha picha, chini yake maneno manne, wewe unagusa moja. Ukipatia, Kobe anacheza ngoma. Ukikosa sana, anaingia kwenye ganda lake na hatoki mpaka kesho. Ukimaliza somo zima anapewa jani anakula. Na ukifanya vizuri siku nyingi, anakupandisha ngazi, maneno yanakuwa makubwa zaidi. Kidoti hujifunza kwa simu ya babu yake, kila jioni, akimaliza kuosha vyombo. Mchana simu inakuwa kwangu, kwenye rafu chini ya kioo, kwa sababu meza ya Soli haina umeme na betri ya simu yake ni ya kuiombea dua.

Soli: Mwanzo alikuwa moto! Alikuwa anatembea nyumbani anavitaja vitu, mlango, sufuria, bibi yake. Sasa wiki tatu hizi Kobe anamletea maneno ambayo hajawahi kuyaona popote. Alhamisi alikosa yote kumi. Kobe akaingia gandani, mtoto akaingia kitandani.

Katibu: Na Jumatatu kuna nini?

Soli: Mwalimu atakuja na mfuko. Kila mtoto anasimama mbele, anatoa vitu kumi, kimoja kimoja, anavitaja kwa Kiingereza. Kidoti anasema hasimami. Anasema wenzake wote wana akili isipokuwa yeye.

Nikaangalia ndani ya kikombe changu. Sasa nikwambie wewe jambo ambalo pale sikulisema. Mimi Kobe namjua. Ilianza kwa bahati mbaya: simu ililia kwenye rafu, nikaigusa niinyamazishe, Kobe akatokea akanionyesha picha ya mkasi. Mimi na mkasi! Miaka kumi na tisa tunakula pamoja, ningeachaje? Nikagusa neno, likawa ndilo, Kobe akacheza. Tangu niache shule darasa la sita hakuna mtu aliyewahi kucheza ngoma kwa sababu nimepatia kitu. Kuanzia hapo, saa sita mchana wateja wakipungua, navuta pazia, nazima sauti nisisikike, nafanya somo langu moja. Sikuona ubaya. Nilijua namsaidia mtoto apande ngazi. Na kupanda kweli alipanda.

Katibu akakohoa, kikohozi cha mtu anayefungua mkutano.

Katibu: Ndugu zangu, hili suala ni la kiutawala. Mimi nimekaa ofisini. Yule Kobe wa kwanza amehamishwa. Huyu wa sasa anakaimu. Mtu anayekaimu lazima awe mkali, la sivyo hathibitishwi.

Gia: Kobe ahamishwe aende wapi, na mwendo ule?

Katibu: Wilaya nyingine. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Mama Birika: Hapo mwenyeji kapona nini? Mtoto analia.

Katibu: Methali haina haraka, mama. Itafika.

Gia: Achana na uhamisho. Hili ni jambo la mzigo. Kichwa cha mtoto wa miaka minane ni tani moja na nusu, siyo zaidi. Kobe kapakia tani saba. Springi zimelala! Dawa yake ni kupunguza mzigo na kupaka mafuta.

Soli: Mafuta nipake wapi?

Gia: Kisogoni. Maneno yanaingilia masikioni lakini yanapakiwa kisogoni. Dereva yeyote atakwambia.

Soli: Dereva yeyote ni wewe.

Gia: Basi nimekwambia.

Nikaona zamu yangu imefika, na mtu mwenye hatia hutafuta nadharia iliyo mbali na mlango wake.

Mimi: Mnajua mimi naona nini? Vitu vimeisha. Fikiria: Kobe kataja kijiko, kataja kiti, kataja mbuzi. Vitu vilivyopo hapa kavimaliza. Sasa analeta vya huko kwao, ambavyo hatujawahi kuviona. Mtoto atajuaje?

Katibu: Hapana, siyo kweli, bado vipo. Jana tu alileta mwiko.

Mama Birika: Jana alileta nini?

Katibu: Mwiko.

Mama Birika: Wewe umejuaje?

Katibu: Nimekisia, mama. Mtu aliyekaa ofisini anakisia.

Mama Birika alimtazama kama anavyotazama shilingi yenye tundu, halafu akarudi kwenye mkaa wake. Gia akaingilia haraka kuliko kawaida yake.

Gia: Ni umri! Kobe anaishi miaka mia mbili, mnajua? Huyu alipoanza alikuwa kijana, anapenda watoto, anapenda ngoma. Sasa ameshakuwa mtu mzima. Mtu mzima hataki kuulizwa kijiko.

Soli: Kwa miezi miwili?

Gia: Ndani ya simu siku zinakwenda mbio. Si unaona chaji inavyoisha?

Katibu: Au hasikii. Kobe ana masikio wewe umeyaona? Mtoto anasema vizuri, yeye hasikii, anaandika sifuri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama Birika: Sasa nani mkuu hapo na nani mguu?

Katibu: Hilo tuwaachie wataalamu.

Gia akasogeza kikombe, akainuka nusu. Akiinuka nusu ujue kubwa linakuja.

Gia: Subirini. Nimelipata. Simu ikiwekwa kwenye chaji, umeme unaingia. Sawa? Chombo kikiwa kimejaa, ukiingiza kitu, kingine lazima kitoke. Kinachotoka ni nini? Maneno! Maneno ya mtoto yanamwagikia humo kibandani kwa Wembe, mchana kutwa. Nyie hamjaona? Juzi mteja kaingia anaongea kama mimi na wewe, kanyolewa, katoka ameaga kwa Kiingereza!

Hili tulilifikiria kwa uzito wake. Soli mwenyewe aligeuka akakitazama kibanda changu, na mimi nikakitazama, na wallahi kwa dakika moja niliamini, kwa sababu lilikuwa linanifaa.

Katibu: Ndiyo maana wakasema, maji yakimwagika hayazoleki.

Mama Birika: Leo angalau hiyo imeanguka karibu na mahali pake.

Tukacheka. Soli hakucheka. Alikigeuza kile kiatu akakitazama soli yake kama inataka kusema kitu.

Soli: Mimi sitaki nadharia, jamani. Mimi nataka mtoto aende Jumatatu. Nyie hamjui. Mimi siku moja nilisimamishwa mbele ya darasa hivyo hivyo. Mwalimu kainua kitu, nami nakijua, lakini ulimi ukakataa. Wenzangu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, watoto hucheka. Kesho yake nikasema kichwa kinauma. Keshokutwa nikasema tumbo. Wiki ya pili nikawa kwa mjomba najifunza viatu. Siyo kazi mbaya, imenilisha. Ila sikuichagua, niliikimbilia. Shule mtu anaiacha siku moja tu. Siku nyingine zote ni kufuata.

Nilimwonea huruma rafiki yangu, nikaweka kikombe chini. Nikafungua mdomo niseme, kweli nilifungua, lakini Gia naye alikuwa amefungua wake, na Katibu pia, na kila mmoja alipomwona mwenzake amefungua akafunga, kwa adabu.

Hapo ndipo Kidoti akatokea kona ya duka la vyuma, amevaa ndala za bibi yake, ameshika miwani kwa mikono miwili kama yai.

Kidoti: Shikamooni.

Tukajibu: Marahaba, marahaba mama!

Kidoti: Babu, umesahau miwani. Bibi kasema bila hii utashona kidole. Kaikuta bafuni, juu ya ndoo.

Gia: Bafuni? Mzee, bafuni unasoma nini?

Soli: Nilikuwa natafuta sabuni.

Kidoti hakucheka. Mtoto huyu kwa kawaida akifika hapa anaanza kutuuliza: kwa nini kahawa ni nyeusi na moshi wake mweupe, nywele zinazokatwa zinakwenda wapi. Leo alisimama mbele yangu, macho chini.

Kidoti: Mjomba Wembe, naomba simu ya babu.

Mimi: Ya nini, mama?

Kidoti: Nataka kumfuta Kobe. Jana nilitaka kumfuta, betri ikazima.

Nilimtazama Soli. Soli akatikisa kichwa taratibu, kwamba mpe, ni yake. Nikaingia ndani. Ilinichukua muda mrefu kuchomoa waya mmoja. Nilipotoka, Mama Birika alikuwa amempisha Kidoti kwenye ndoo yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu yeyote.

Mtoto akapokea simu, akaifungua. Kidole kikasimama hewani.

Kidoti: Lakini nina swali kwanza. Naomba mnijibu, halafu namfuta.

Katibu: Uliza, mjukuu wangu. Hapa umefika.

Kidoti: Jana nilivyokuwa natafuta mahali pa kumfutia, niliona kalenda. Kila ukimaliza somo, jani la Kobe linachorwa kwenye kalenda. Mimi nafanya somo moja, jioni. Kwa hiyo kila siku jani moja. Sasa jana yako sita. Na Jumatano sita. Na leo sijagusa simu kabisa, kashakula matatu. Mengine nani anamlisha?

Katibu alikagua vifungo vya koti. Gia alitafuta klachi kwa miguu yote miwili.

Gia: Pengine ana mke. Mkewe anampikia.

Kidoti: Babu Gia, hana mke. Na ukigusa jani, linakwambia limeliwa saa ngapi. Hili la jana linasema saa tatu asubuhi.

Mama Birika: Ehee. Saa tatu asubuhi ni nani huyo kila siku anaingia kibandani kusoma gazeti la mwezi uliopita?

Macho yote yakaenda kwenye koti. Katibu alijinyoosha kana kwamba anasubiri kusomewa barua.

Katibu: Nilikuwa nakagua.

Mama Birika: Katibu.

Katibu: Basi. Ni mimi. Miaka thelathini nimepiga chapa barua za Kiingereza, mama yangu. Maelfu. Herufi kwa herufi, bila kosa, wakubwa walinisifu. Sikuwa najua hata moja inasema nini. Kuna barua nilipiga, mtu akaletewa akalia mbele yangu, na mimi ndiye niliyeiandika na sijui nilimwambia nini. Nikasema kabla sijafa nijue japo maneno mia mbili.

Kidoti akatikisa kichwa kwamba amesikia, akagusa jani lingine.

Kidoti: Saa nne na nusu.

Gia: Sasa mimi Kobe kanionyesha lori, nifanyeje? Aniulize lori, mimi, nikae kimya?

Kidoti: Saa sita.

Mimi: Huyo ni mjomba wako.

Alinitazama, na naomba usitazamwe hivyo na mtoto ambaye umekuwa ukimnyoa tangu ana nywele za kuzaliwa nazo. Haikuwa hasira. Alikuwa anajumlisha.

Kidoti: Saa nane mchana.

Hapo tukashangaa wenyewe. Saa nane mimi nakwenda kula, kibanda nakiacha wazi, na anayeingia ni mtu mmoja tu, kuosha vikombe bombani.

Mama Birika: Mnanitazama nini? Nyie mnaongea hapa tangu asubuhi, kila neno mmeshalitumia. Na mimi nilitaka yangu ambayo hamjayashika.

Gia: Na umekaa hapo unatuhukumu!

Mama Birika: Nilikuwa nasubiri zamu yangu.

Kicheko kikaanza, lakini Kidoti aliinua kidole kama mwalimu wake.

Kidoti: Bado moja. Hili la saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo simu haiko huku. Iko nyumbani.

Bibi yake kusoma bila kukaza macho hawezi, tunajua sote. Mtoto mwenyewe anaamka saa kumi na mbili. Tukaanza kuihesabu ile nyumba, na hesabu haikuwa ndefu. Soli alikuwa ametoka kuvaa miwani yake, ile ya bafuni juu ya ndoo. Akaivua tena.

Kidoti: Babu?

Soli: Mjukuu wangu.

Kidoti: Ni wewe unayeamka kabla yangu?

Soli: Kila jioni unaniuliza, babu hili ni nini, nakujibu sijui. Unaniuliza tena kesho, nakujibu sijui. Nikaona mwaka huu nitajibu sijui, mwakani sijui, halafu siku moja hutaniuliza tena. Nilitaka siku hiyo isifike. Nilitaka uniulize nikujibu.

Kidoti: Ukajua maneno mangapi?

Soli: Mengi mengi.

Kidoti: Juzi nilikuuliza la sindano. Ukasema hujui.

Soli: Nilikuwa nalijua. Niliogopa kulisema vibaya.

Nilidhani atalia, au atakasirika. Angekuwa na haki. Alituangalia mmoja mmoja, benchi zima, akaanza na koti la Katibu akaishia kwa Mama Birika aliyesimama. Uso wake ulikuwa unapambana na kitu kipya. Kisha akauliza polepole, bila kulaumu, kama anavyouliza habari ya moshi wa kahawa.

Kidoti: Kwa hiyo kichwa changu hakijajaa. Ni nyie mlimpandisha ngazi.

Soli: Ni sisi.

Kidoti: Kumbe wote mnajifunza. Sasa mbona mimi nilikuwa najifunza peke yangu?

Hilo ndilo swali. Maneno mepesi, hakuna hata moja lingemshinda Kobe wa ngazi ya kwanza. Nikamsubiri Gia alete injini, hakuleta. Nikamsubiri Katibu alete methali hata iliyopotea njia, akafungua kifungo kimoja cha koti, ndiyo mara ya kwanza kumwona akifungua. Mama Birika akainamisha birika kwenye kikombe cha Soli, yakatoka matone mawili na kijiko cha mashapo.

Mama Birika: Imeisha.

Kwa sheria yetu, kikao kimekwisha. Hakuna aliyeinuka.

Soli akaweka kiatu chini. Nimekaa naye miaka kumi na tisa na sijawahi kuiona mikono yake yote miwili ikiwa mitupu mchana.

Soli: Sogeeni.

Tukasogea. Kidoti akakaa katikati ya babu yake, aliyepanda benchini kwa mara ya kwanza, na Katibu. Mimi ikabidi nisimame nishike ule mguu wa kuazima, maana imani ilikuwa imezidi uzito. Mtoto akaweka simu magotini, akabonyeza hapa na pale. Kumbe mahali pa kuongeza wanafunzi papo, pamekuwepo siku zote, ila sisi wezi hatukuwa na haja ya kuandika majina. Akaandika matano. La kwake akalirudisha chini, kwenye ngazi aliyoiacha wiki zile kabla mambo hayajamharibikia.

Kidoti: Nyie mnaanzia ya kwanza.

Gia: Ya kwanza! Mama, mimi niko ya saba!

Kidoti: Ile ilikuwa yangu.

Gia akakubali. Kidoti akachukua kijiko kwenye kopo la sukari, akakiinua juu.

Kidoti: Hiki?

Tukajibu wote watano kwa pamoja, kwa nguvu, kwa fahari ya watu waliojua siku nyingi na kujificha. Na vilitoka vijiko vitano tofauti. Sote tulikuwa tumejifunza sauti ikiwa imezimwa, tusisikike, basi macho yalijua na mdomo haukuwahi kuambiwa. Cha Katibu kiliipa kila herufi haki yake. Cha Gia kilikuwa na ngurumo. Cha babu yake, sijui nikwambieje, kilifanana na jina la mtu wa ukoo fulani.

Kidoti akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakatikisika. Nilimwona Soli ameganda, ile siku yake ya darasani imemrudia usoni, watoto wanacheka. Halafu mtoto akaondoa kiganja, akamshika babu yake mkono, akalisema lile neno vizuri, taratibu, mara moja tu.

Kidoti: Haya, babu. Tena.

Soli akasema tena. Likawa na nafuu. Kidoti akainua kikombe: tena. Kiatu, sindano, uzi. Akaniagiza mkasi na kitana, nikaachia mguu wa benchi nikavileta mbio. Ndoo. Miwani. Kila kimoja tunakosea, anatusahihisha, na kila akitusahihisha mgongo wake unanyooka kidogo. Kwenye kioo changu cha mkono, Mama Birika alipatia kabla yetu sote akatuangalia kwa dharau tamu. Nikahesabu kimoyomoyo: vitu kumi. Hatukumwambia. Sidhani kama kulikuwa na haja. Alikuwa anakunja vidole tangu kijiko.

Akainuka, akairudisha simu kwangu niichaji, ndala za bibi yake zikaanza kupiga makofi barabarani. Alipofika kona ya duka la vyuma Soli hakuweza kujizuia.

Soli: Kidoti! Jumatatu je?

Akageuka.

Kidoti: Nitakwenda. Ila wewe babu, kijiko usikitaje mbele za watu mpaka nikwambie.